Gia Mpya za Mwenda, Kutoka Kaaga Hadi Embu

Tangu nirudi, kila mzazi anayeleta mtoto kupimwa sare anaanza na swali lile lile: "Karimi, ni kweli ulienda Embu na baiskeli?" Nikianza kujibu nasahau vipimo. Juzi nilishona shati lenye mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi, na mwenye shati si kilema. Basi nimekaa chini nimeandika yote. Someni, kisha mniache nifanye kazi.

Ndiyo, nilienda, kutoka hapa kwetu Kaaga, Meru. Siku mbili, Ijumaa na Jumamosi. Na sikwenda kujionyesha, kama alivyosema mama mmoja wa kwaya ambaye anajijua.

Kaaga, kabla ya kutoka

Mwenda ni kaka yangu mkubwa. Yeye ndiye alinifundisha kuendesha baiskeli nikiwa darasa la nne, wakati msichana wa kwetu akionekana juu ya baiskeli watu walikuwa wanaacha jembe ili wacheke vizuri. Baadaye alihamia Embu, akaoa huko, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli. Amekaa kwa hicho kibanda miaka thelathini. Vijana aliowafundisha ufundi hawahesabiki.

Mwaka jana goti lake la kulia lilifanyiwa operesheni. Goti likapona, mwenyewe hakupona. Alikaa kwenye kiti pale barazani na hakutoka tena, hata kanisani. Daktari alimwambia aendeshe baiskeli polepole kila siku ili misuli irudi. Akajibu kwamba baiskeli yake, ile ya mbio ya buluu, gia zake ni za vijana wenye mapaja, na Embu yote hakuna mahali tambarare pa kuanzia. Akafunga kibanda. Akaanza kuuza vifaa vyake kimoja kimoja.

Mke wake, Wanja, akanipigia simu akilia. "Wifi, huyu mtu ananiishia kwa kiti."

Nikamwambia aache kulia, anitumie hiyo baiskeli na lori la ndizi linalorudi Meru tupu. Ikaja.

Wale mnaopenda maelezo, haya. Mbele ilikuwa na duara mbili za meno. Nikatoa zote, nikaweka moja ndogo. Nyuma nikatoa gia za zamani, ambazo zote zilikuwa ndogo na zimebanana, nikaweka seti mpya ambayo gia yake kubwa kabisa inatoshana na sahani ya kikombe. Kile kimkono cha chini kinachohamisha cheni kutoka gia hii hadi ile kilikuwa kifupi, kisingefika, kwa hiyo nikaweka kirefu. Na cheni mpya, ndefu, ya kuzunguka hiyo sahani. Vitu vyenyewe nilivipata kwa mwanafunzi mmoja wa chuo pale Nchiru aliyeacha mashindano baada ya kupata mchumba. Kazi niliifanya mwenyewe nyuma ya duka, jioni tatu, simu ikinionyesha vidio na mikono ikiwa nyeusi mpaka kwenye kiwiko. Mtu ambaye amefungua na kufunga mashine ya kushona miaka ishirini na tano hawezi kutishwa na cheni.

Nikaijaribu kwa kupanda hadi Timau. Nilipanda nikiwa nimeketi kama niko kwa mashine yangu, miguu ikizunguka haraka, baridi ikinikata masikio, na magoti yangu, ambayo pia si ya kusifiwa, hayakusema neno. Nikampigia Mwenda simu kwa furaha.

"Umeharibu baiskeli yangu," akasema.

"Nimeifanya nyepesi."

"Nyepesi ya wapi? Huko Timau barabara inapanda kidogo kidogo. Huku ni mabonde, Karimi. Unateremka mpaka mtoni, unapanda mpaka mbinguni, halafu unaanza tena." Akashusha sauti. "Kuna mwalimu wa Runyenjes anaitaka. Anakuja Jumamosi saa tisa. Irudishe tu."

Hapo nikakasirika. Nikamwambia nitairudisha, lakini juu ya magurudumu yake, si juu ya lori. Nitapanda kila bonde kutoka Meru hadi Embu bila kushuka kusukuma. Nikiweza mimi na haya magoti, naye apande.

"Bila kusukuma hata hatua moja?"

"Hata moja."

"Na ukisukuma, mwalimu anaondoka nayo, na wewe hutanisumbua tena na mambo ya daktari."

"Sawa. Lakini nikisukuma, nani atajua?"

"Wewe utaniambia," akasema, akakata simu.

Kaaga mpaka Nkubu

Nilitoka Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uji tumboni, begi dogo mgongoni. Ndani ya begi nilikuwa na nguo, pampu, kiraka cha mpira na koti la mvua. Kifaa cha kutoa pini ya cheni nilikiacha mezani. Nilikitazama nikasema, cheni ni mpya, itakatwa na nani? Kumbukeni hayo maneno.

Mpaka Nkubu hakuna la kusimulia isipokuwa watu. Mwanamke wa umri wangu akivaa helmeti, kila mtu anakuwa na swali. Mmoja aliniuliza kama mume wangu anajua niko wapi. Nikamwambia mume wangu ndiye aliyeshika baiskeli nikipanda, tena ameniombea. Akatikisa kichwa kwa kumhurumia mume.

Nkubu nilisimama kununua ndizi. Mama muuzaji, mnene, mwenye lesso ya kijani, alinitazama kutoka helmeti hadi viatu.

"Mnatembea kwa ajili ya ugonjwa gani?"

"Gani?"

"Si nyinyi mnaopita na baiskeli mkichangia wagonjwa? Mwaka ule walipita wa macho. Nyinyi ni wa nini?"

Nikamwambia niko peke yangu, naenda kwa kaka yangu, hakuna mchango. Akaniangalia kwa huruma.

"Wenzako wamekuacha?"

"Hakuna wenzangu, mama."

"Pole. Lakini usivunjike moyo." Akachukua ndizi sita za kuiva, akazitia kwa begi langu kwa nguvu. "Hizi si za kuuza. Peleka kwa wagonjwa. Useme zimetoka Nkubu."

Nikajaribu kumwelewesha mara ya tatu, nikaona wateja wake wananikasirikia kwa kumkatalia mtu sadaka. Nikashukuru nikaondoka na ndizi za wagonjwa mgongoni. Zangu mwenyewe nilisahau kununua.

Igoji, Mutonga, na bonde la Nithi

Kuanzia Igoji maneno ya Mwenda yakaanza kutimia. Unateremka upepo ukikufinya macho, unavuka daraja, halafu barabara inasimama mbele yako kama ngazi ya kupandia darini. Mutonga nilipanda vizuri. Kuna bonde lingine baada yake nililopanda vizuri pia, ila jina lake sikuliuliza kwa sababu pumzi haikuwepo.

Kisha mvua. Nilijificha kwa kibanda cha kukusanyia maziwa karibu na njia panda ya Chogoria, saa nzima na nusu, pamoja na wanaume wawili waliokuwa wanabishana kama ng'ombe anaweza kutambua sauti ya redio. Walinikatia nduma ya kuchemsha, nikala na chai ya chupa yao. Mmoja aliuliza sahani ile ya nyuma ya gurudumu ni ya nini. Nikamwelezea: ukiweka cheni kwenye gia kubwa nyuma, mguu unazunguka mara nyingi lakini hauhitaji nguvu. Akafikiria sana.

"Kwa hivyo unachoka polepole," akasema.

Sijasikia mtu akieleza vizuri zaidi.

Nithi ndilo bonde nililoliogopa. Mnalijua nyote kwa ajali zake, hata mkipita kwa gari watu hunyamaza. Niliteremka breki zikilia, nikiomba, nikavuka daraja, nikabonyeza swichi ya gia mpaka mwisho. Cheni ikapanda juu ya ile sahani bila kelele. Nikaanza.

Katikati ya mlima mwendesha pikipiki mmoja akaja kando yangu, akapunguza mwendo mpaka pikipiki ikaanza kukohoa. Kijana wa miwani ya jua, abiria hana.

"Mathe, shika hapa nyuma nikuvute."

"Asante, niache."

"Si nakuvuta bure?"

"Kijana, niache. Kuna mtu nimemwahidi."

Akaendelea kunifuata akitazama miguu yangu. "Lakini mathe, mguu inakimbia na baiskeli imekataa!"

Nikataka kucheka lakini kicheko kinataka pumzi. Akapiga honi, akaenda. Mimi nikabaki na kazi yangu: zungusha, zungusha, kama nashona pindo la pazia refu lisilokwisha. Magoti yalikuwa yanauma, uongo sitasema, lakini yalikuwa maumivu ya kazi, si ya kuvunjika. Mara nikaona barabara imelala. Nikatazama nyuma, nikaona bonde lote liko chini yangu. Nililia kidogo. Nilipanda Nithi nimeketi, miaka hamsini na miwili, na hakuna aliyeniona isipokuwa mbuzi wa mtu.

Nikampigia Wanja. "Mwambie Nithi imekwisha."

Nikasikia akimwambia. Halafu sauti ya Mwenda kwa mbali: "Bado Thuci."

Chuka

Nililala kwa Kagendo, binamu yetu, ambaye alinipikia mukimo wa watu wanne na akakasirika niliposhindwa na wa mtu wa tatu. Asubuhi gurudumu la nyuma lilikuwa limelala. Miiba ya Chuka haina adabu. Ningeweza kuziba mwenyewe, lakini Kagendo alisema kuna fundi mzuri hapo barabarani, na mimi nilikuwa nimeamka nikiwa mkavu kama ubao, kuinama ni shida. Hilo ndilo kosa langu la pili.

Fundi alikuwa mzee kunishinda, koti la buluu, mikono safi kwa fundi. Alifurahi kuiona baiskeli kama mtu aliyetembelewa na mgeni wa zamani.

"Siku hizi naletewa pikipiki tu," akasema. "Na baiskeli nikiletewa ni zile za kubeba maji, za gia moja. Hii acha niishughulikie."

"Ziba gurudumu tu, mzee. Nina haraka."

"Kunywa chai mama. Utaikuta tayari."

Nikaenda kwa hoteli iliyo mkabala, nikala chapati mbili na madondo, nikamwacha. Niliporudi baiskeli ilikuwa inang'aa. Gurudumu gumu, amefuta matope yote, amepaka mafuta. Kando ya kibanda chake palikuwa na mwanamke anauza njugu kwenye karatasi za daftari zilizokunjwa.

"Nimekukazia huko nyuma pia," fundi akasema. "Ilikuwa imelegea vibaya. Ingekuangusha."

Nikafikiri anasema nati za gurudumu. Nikamshukuru sana. Alipokuwa ananiaga akatoa mfukoni karatasi ya daftari iliyokunjwa, nzito kiasi, akanishikisha. "Na hii ni yako."

Nikajua ni njugu. Nikasema moyoni, watu wa Chuka ni wakarimu, hata fundi anakupa njugu za njiani. Nikaitia kwenye mfuko wa mbele wa begi nikaondoka. Ilikuwa saa tatu kasorobo, na mwalimu wa Runyenjes alikuwa anakuja saa tisa.

Thuci

Kutoka Chuka mpaka unapoanza kuteremka Thuci, vilima ni vidogo. Gia za katikati zilitosha. Nilikuwa naimba. Niliteremka zile kona za Thuci nikiimba, nikavuka daraja nikiwa tayari kaunti ya Embu, nikaanza kupanda, na mlima ulipokuwa mkali nikabonyeza swichi mpaka mwisho kama nilivyofanya Nithi.

Kwaa!

Cheni ilikazika kama kamba ya kuanikia nguo yenye blanketi mbichi. Kile kimkono cha gia kikavutwa mbele mpaka kikalala, pedeli zikagoma, na mimi nikaweka mguu chini ili nisianguke. Kuweka mguu chini si kusukuma. Hilo nilijiambia papo hapo, kwa sauti.

Nikarudisha cheni kwa mkono kwenye gia ndogo. Nikajaribu tena, gia ya tatu kutoka kubwa. Ilizunguka, lakini hiyo ilikuwa gia ya vilima vya kawaida, si ya Thuci. Nikaenda mita chache nikipinda kushoto na kulia barabarani, lori likanipigia honi ndefu, na goti langu la kushoto likasema hapana kwa lugha ambayo ninaielewa. Nikasimama. Nikajaribu kupanda tena, baiskeli ikarudi nyuma. Mara tatu.

Nikaketi kando ya mtaro. Hata sikujua kimeharibika nini. Nilitazama gia, zote zipo. Nilitazama kimkono, kizima. Nikasema ngoja nile, njaa inapofusha. Ndizi za wagonjwa sikuthubutu kugusa, kwa hiyo nikatoa njugu za fundi nikafungua karatasi.

Zilikuwa pingili nne za cheni yangu. Mpya, zimefutwa, zimefungwa vizuri.

Nilizitazama kwa muda kama mtu aliyepewa meno yake mwenyewe. Halafu nikaelewa yote. Mimi niliifikisha kwake ikiwa kwenye gia ndogo, na hapo cheni ndefu huning'inia. Yeye amezoea baiskeli za gia moja, ambazo cheni ikilegea inatoka na unaanguka. Ameona cheni ya mama wa watu imelegea, akaikata, akaikaza, bure, kwa moyo mweupe. Sasa ilikuwa fupi, haiwezi kuzunguka sahani.

Nilisimama nikageukia Chuka nikapiga kelele. Nilimwita mzee wa watu majina ambayo siwezi kuyaandika hapa, kwa sababu baadhi yenu mtasomea watoto. Mwanamke aliyekuwa ananyunyizia mboga karibu na mto aliinua kichwa, akaona niko peke yangu, akaendelea na kazi.

Nilipomaliza kupiga kelele nikaziangalia tena zile pingili. Nani kati yenu hajawahi kupewa na mimi vitambaa vilivyobaki baada ya kushonewa? Hata kipande cha kiganja nakifunga nakupa, kwa sababu kitambaa ni chako, si changu. Mzee alifanya kama mimi. Alikata asichokijua, lakini hakuniibia. Ningekuwa na kile kifaa cha kutoa pini ningezirudisha hapo hapo. Kilikuwa mezani, Kaaga.

Ilikuwa saa tano. Nilimngoja mtu yeyote apite na kifaa kama hicho, nikajua nangoja bure. Halafu nikashika usukani nikasukuma.

Nilihesabu. Sijui kwa nini, labda ni mazoea ya kuhesabu sentimita. Hatua mia mbili na kumi na saba, mpaka mahali ambapo mlima ulilegea na ile gia ya tatu ikaweza kunibeba. Nilikuwa nimepanda Nithi. Nilikuwa nimepanda yote. Na sasa baiskeli ya Mwenda ilikuwa ya mwalimu wa Runyenjes, na kaka yangu angebaki kwa kiti.

Runyenjes mpaka Embu

Sehemu hii niliendesha nikifanya mazoezi ya uongo.

"Sikushuka." Hapana, kavu sana. "Si nilikuambia? Sikushuka!" Hapana, kelele nyingi. Nilijaribu kusema nikicheka. Nilijaribu kusema nikikohoa, kama mtu aliyechoka asiyetaka maswali. Na mbona nisidanganye? Mlima ningeupanda. Cheni ndiyo iliyokatwa. Hatua mia mbili kwa safari ya siku mbili ni nini? Nikajiambia Mungu mwenyewe angeona hesabu hiyo akacheka.

Karibu na Runyenjes kundi la wauza muguka, ile miraa ya Embu, lilinizuia, wakaniuliza natoka wapi. Nilipotaja Meru walipiga mayowe, wakataka kujua nimebeba miraa kiasi gani kwa hilo begi na kama nimekuja kuwaharibia soko. Nikafungua begi wakaona ndizi. Mmoja akaomba moja. Nikamwambia ni za wagonjwa. Akasema yeye pia mgonjwa. Nikamwambia mgonjwa ni mmoja tu na ninamjua. Waliniachilia wakicheka, na mimi kwa mara ya kwanza tangu Thuci nikacheka pia, kisha nikakumbuka ninakokwenda nikaacha.

Kwa Mwenda

Nilifika saa nane na nusu. Nyumba ya Mwenda iko juu ya mteremko wa mto Rupingazi, lango la bati la kijani. Alikuwa barazani, kwenye kile kiti, kofia, shuka magotini kama mzee wa miaka tisini. Ana sitini na moja. Wanja alitoka jikoni akikimbia, akanikumbatia nikiwa bado na helmeti.

Mwenda hakunisalimia. Alitazama baiskeli.

"Umefika," akasema.

"Nimefika."

"Ulishuka?"

Nyuma yake Wanja alinitazama. Macho yake yalikuwa yananiomba. Yalikuwa yananiomba niseme neno moja tu dogo. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi kilomita arobaini. Nikafungua mdomo.

"Thuci," nikasema. "Hatua mia mbili na kumi na saba."

Wanja akageuka akaingia jikoni. Nikasikia sufuria ikiwekwa kwa nguvu. Mimi machozi yalikuwa karibu, na nilikasirika kwa sababu hata uongo umenishinda.

"Nithi ulipanda?"

"Nimeketi."

"Basi Thuci ilikushindaje? Thuci ni mtoto kwa Nithi."

Nikatoa ile karatasi ya daftari, nikamwekea kwenye shuka, nikamweleza. Alifungua. Alizigeuza zile pingili kwa kidole. Kisha akainua kichwa, na uso wake ukabadilika kabisa.

"Nani amekata hii cheni?"

"Fundi wa Chuka. Alikuwa anasaidia."

"Anasaidia! Mtu anakata cheni ya mtu bila kuuliza? Bila kupandisha kwa gia kubwa kwanza aone inafika wapi?" Alikuwa ameshatupa shuka. "Lete hapa. Lete! Angalia hiki kimkono kimevutwa mpaka kimelia. Na hii pini ameigonga na msumari, Karimi, msumari! Mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza hawezi kufanya hivi!"

Alikuwa amesimama. Sijui kama alijua. Aliipindua baiskeli juu chini kwa mkono mmoja, akatia mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa kifaa cha kutoa pini, kile chake cha zamani chenye kishikio kilichoisha rangi.

"Wanja alisema umeuza vifaa vyote," nikasema.

"Hiki si cha kuuza." Hakuniangalia.

Alifanya kazi hiyo akiwa amepiga goti moja chini. La kulia. Wanja alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na kijiko mkononi, na tulitazamana. Mwenda alirudisha pingili zote nne, akazungusha pedeli kwa mkono, akapandisha cheni gia moja moja mpaka kwenye ile sahani. Ikapanda bila kelele. Akaishusha. Akaipandisha tena. Akainama kutazama kwa karibu.

"Hii kazi ya gia umefanya wewe?"

"Mimi."

"Si mbaya."

Akaigeuza ikasimama. Halafu akalegeza kiti akakipandisha kiasi cha vidole viwili, akakaza. Mimi ni mfupi kwake kiasi hicho.

Sasa, wale waliofundishwa na Mwenda wanajua sheria yake moja: baiskeli haimrudii mwenyewe kabla fundi hajaipanda. Alikuwa anawafukuza vijana kwa kosa hilo. Alishika usukani akatutazama sisi wawili kana kwamba tumesema neno, na hatukuwa tumesema.

"Lazima ijaribiwe," akasema.

Akavusha mguu polepole, akakunja uso, akakaa. Akazunguka ua mara moja, kuku wakikimbia. Wanja akafungua lango. Hakumwambia pole wala angalia goti. Alilifungua tu, na Mwenda akatoka akashika mteremko wa kwenda mtoni.

Mwalimu wa Runyenjes alikuja saa tisa kamili, mtu mpole mwenye tai. Akauliza mwenye baiskeli yuko wapi.

"Mume wangu ameenda kuijaribu," Wanja akasema. "Keti mwalimu, nikuletee chai."

Tukakaa watatu. Chai ikaisha. Nikaanza kuwaza kuhusu goti, na mto, na ule mlima wa kurudi, na Wanja akawa anasimama na kuketi. Mwalimu alikuwa anatazama saa yake kwa adabu. Ndipo tukasikia kile kisauti kidogo cha cheni inayozunguka haraka sana, na kofia ya Mwenda ikaonekana juu ya ukingo wa barabara, halafu uso, mwekundu, jasho likidondoka puani. Miguu ilikuwa inakimbia na baiskeli imekataa. Lakini alikuwa ameketi.

Aliingia langoni, akasimama, akashindwa kuongea. Nikamenya ndizi moja ya Nkubu nikampa. Akaila yote, akapumua, akamsalimia mwalimu kwa mkono. Kisha akanigeukia.

"Wewe ulishuka," akasema.

"Nilishuka."

"Hatua mia mbili na kumi na saba."

"Ndiyo."

"Mimi sikushuka." Akamgeukia mwalimu. "Pole kwa safari, mwalimu. Hii haiuzwi."